Migongo ya Kwa Mama Malale

"Na banda likianguka ndama akavunjika mguu, utanilipa kwa picha?" Mama Malale aliuliza, mikono kiunoni, upande wake wa uzio wa minyaa.

Upande wa pili alisimama Dafrosa, jembe mkononi, ndoo ya udongo mwekundu miguuni. Kichuguu kilichokaa mpakani kilikuwa kimemegwa kama mkate, na nguzo ya banda la ndama iliyosimikwa pembeni yake ilikuwa imeanza kuinama. Dafrosa alijibu kwamba kichuguu kilikuwepo kabla ya banda, kabla hata Mama Malale na ng'ombe wake hawajashuka kutoka Usukumani, na kwamba mpaka walionyeshwa na marehemu mumewe, Stanslaus. Mama Malale akasema marehemu apumzike, asiitwe kwa ajili ya ndoo ya udongo. Wanaume wawili waliokuwa wanapita na baiskeli walishuka kabisa wakajifanya wanakagua mnyororo.

Ungeishia hapo, ungekuwa ugomvi wa kawaida tu, wa kusahaulika kesho yake mtu akiishiwa chumvi. Lakini Mama Malale akishawaka huwa hajui kuzima.

"Mtu mzima unachezea udongo," akasema. "Wanao wamekukimbia, ndio unajiumbia wengine?"

Dafrosa akabeba ndoo yake akaingia ndani. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, na mtaa mzima ulijua.

Wanawe hawakumkimbia, tusimsingizie. Danford yuko Dar anaendesha lori, na Angela ameolewa Kapalamsenga, kule ziwani, kila akipata mtu wa kumpa anamtumia mama yake dagaa. Simu wanapiga. Ila simu ikikatwa, nyumba ya vyumba vinne inabaki na mtu mmoja, na mkono uliozoea kupikia watu saba haujui kupikia mmoja. Asubuhi anakoroga uji kwenye sufuria kubwa, anakunywa kikombe, anabaki anautazama.

Uji huohuo ndio uliomtia aibu kikundini.

Kikundi chenyewe ni cha akina mama waliokuwa wakipamba kuta enzi za nyumba za udongo. Nyumba zikawa za tofali za kuchoma, kuta zikapigwa plasta na rangi ya dukani, mafundi wale wakakosa pa kupitisha mikono. Scolastica, mshona nguo wa mtaa wa Kashaulili, akawakusanya. Sasa wanachora kwenye kitambaa cheupe kilichowambwa kwenye fremu, kwa rangi zilezile za zamani: udongo wa kichuguu, chokaa, masizi ya sufuria, vyote vikishikwa na uji wa muhogo. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi wanapanga picha zao pamoja kwenye baraza la ghala la zamani nyuma ya soko. Bei ni moja kwa zote, elfu kumi, ili hata dereva wa bodaboda apate picha iliyochorwa kwa mkono, aache kutundika kalenda ya mwaka juzi.

Wana sharti moja. Picha haifungwi kwenye mfuko ukaondoka nayo. Aliyeichora anaibeba mwenyewe mpaka kwako, anapigilia msumari, anaitundika. Scolastica alisema zamani ukimpambia mtu ukuta ulishinda kwake kutwa na ulitoka umeshiba, hilo lisife. Basi kila Jumatatu wakikutana ni hadithi za majumba ya watu. Theopista aliingia kwa mchimba dhahabu mwenye televisheni mbili, zote mbovu. Vénérande alichinjiwa kuku, akapewa na kifaranga cha kuondokea. Wanacheka mpaka wanashika mbavu, na Dafrosa anacheka nao. Maonyesho matatu yalikuwa yamepita, na yeye hajawahi kuvuka kizingiti cha mtu.

Mara ya tatu alikaribia. Alichora tembo, mwalimu mmoja akampenda, akatia mkono mfukoni, halafu akauacha humohumo. Tembo alikuwa anatembea. Sisimizi walikuwa wamemjaa toka mkonga hadi mkia, kwa sababu Dafrosa alichanganyia rangi uji uliobaki asubuhi, wenye sukari. Wenzake walicheka sana. Scolastica naye alicheka, kisha akamvuta pembeni akamuuliza huwa anapika uji wa watu wangapi. Dafrosa akasema wa mmoja.

"Acha tembo," Scolastica akamwambia. "Tembo kila mtu anachora. Chora unachokiona kila siku."

Anachokiona kila siku. Ukweli, na huu hakumwambia mtu, ndoo moja ya udongo inatosha picha ishirini. Ile ndoo ilikuwa imejaa siku nyingi. Lakini kila jioni alichukua jembe akaenda kichuguuni, akawa anadonoa kidogo kidogo, maana pale ndipo minyaa ilipokonda, na ukisimama hapo unauona uwanja wa kwa Mama Malale wote. Saa ile wanakula. Wameketi mbele ya ugali, wameipa minyaa mgongo, wengine kwenye ngozi, wengine kwenye vigoda, wanapokonyana nyama, bibi anagomba. Baada ya ugomvi aliacha kubeba jembe. Kusimama hakuacha.

Basi akachora hicho. Safari hii alipika uji mtupu, kwenye kisufuria kidogo, wa picha peke yake. Wala hakumwambia mtu kwamba hii nayo ikirudi nyumbani, fremu ataifanya kuni na Jumatatu hatakwenda tena kusikiliza majumba ya watu.

Jumamosi ikafika. Watu walipita, picha za viboko za Theopista zikaondoka mapema, za boti za ziwani Ikola zikafuata. Mbele ya picha ya Dafrosa watu walisimama kidogo, wakauliza mbona hawa hawana sura. Migongo tu, kumi na mmoja, imeinamia chakula. Kufika saa tisa baraza lilikuwa limebaki na picha mbili, na Dafrosa alikuwa ameshaishusha ya kwake chini, ameiegemeza ukutani.

Mama Malale alikuwa anatoka kuuza maziwa sokoni, dumu tupu mkononi. Alipita, akarudi. Hakumsalimia mtu. Akainama.

"Huyu ni Malale," akasema, kama anaongea na dumu. "Anakaa upande kama ana jipu. Huyu mama mkwe, bega limeshuka. Huyu mdogo wake, Manyanda." Kidole kikafika kwenye mgongo wa mwanamke aliyeinamia chungu, kanga imefungwa ovyo, mchirizi wa jasho katikati. Kidole kikabaki hapo. "Hivi ndivyo nilivyo?"

Dafrosa akasema ndivyo anavyoonekana.

"Ukiwa wapi?"

"Kichuguuni."

"Lini?"

Dafrosa angeweza kusema siku moja tu, alipita tu. Wenzake walikuwa wameacha kukunja vitambaa, wanasikiliza. "Kila siku," akasema.

Mama Malale aliweka dumu chini. Alifungua fundo la kanga, akatoa pesa ya maziwa, akampa Scolastica, si Dafrosa. Akauliza msumari ni wa kwake au wanaleta wao. Scolastica akasema tunaleta sisi.

Walirudi pamoja, huyu mbele na dumu, huyu nyuma na picha. Wakalipita geti la Dafrosa. Waliokuwa nje barazani waliliona hilo, na mimi sikuwepo, lakini niliambiwa kabla jua halijazama.

Ndani kwa Mama Malale Dafrosa hakuwa ameingia tangu matanga ya mumewe, alipokuja na ndugu zake kuazima viti. Alipiga msumari nyundo tatu, akatundika, akanyoosha. Watoto wakaja kugombania masikio ni ya nani. Bibi akasema bega lake halijashuka kiasi hicho. Nje walishaanza kutandika ngozi, ugali unapakuliwa. Dafrosa akasema, kama sharti linavyotaka, nimeifikisha, akafuta mikono kwenye kanga na kutoka. Hakungoja. Alijua akingoja ataonekana anangoja.

Alikuwa ameshafika barabarani, anatafuta ufunguo, kwake kumenyamaza na sufuria ya asubuhi iko mezani, aliposikia kandambili nyuma yake. Mama Malale alikuwa na jagi la maji ya kunawa na taulo begani.

"Mayu," akamwita, hivyo Wasukuma wanavyomwita mama, na hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. "Ile nguzo Malale ataihamisha kesho. Rudi unawe, tule."