Mapipa ya Mjomba Alois

Ghala D liliporomoka nusu yake Ijumaa moja ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, Imelda Cambron akiwa amesimama mlangoni mwa ghala la jirani akibishana na mfanyakazi mwenzake, Dwayne Hutchins, juu ya pipa linalovuja. Mbao zilianza kulia, kilio kirefu kama cha ng'ombe anayezaa, kisha ukuta wa kaskazini ukatoka nje, paa la bati likakunjika, na mapipa elfu tisa ya wiski ya bourbon yakashuka kwa pamoja. Ardhi ilitikisika mpaka Imelda akashika fremu ya mlango.

"Yesu na Maria!" alisema Dwayne. "Nani yuko ndani?"

"Hakuna. Wote wamekwenda kunywa kahawa."

"Una hakika?"

Hakuwa na hakika. Alikimbia akiwaita watu wake mmoja mmoja kwa majina, na alipowaona wote kumi na wanne ndipo alipokaa chini palepale kwenye kokoto.

Imelda alikuwa mkuu wa maghala katika kiwanda cha wiski cha Dunmoor, Kentucky, kwa miaka kumi na tisa. Kila Jumatatu alipita na tochi akikagua timazi zilizoning'inia katikati ya kila ghala, kuona kama jengo limeanza kuinama. Jumatatu ya wiki ile timazi ya ghala D ilikuwa imetulia mahali pake. Hilo ndilo alilowaambia mainjinia, na ndilo aliloendelea kujirudia mwenyewe, ingawa hakuna aliyemlaumu.

Nusu ya kusini ilibaki imesimama, ghorofa sita za mapipa zikiwa wazi mbele ya macho ya watu kama mkate uliokatwa kwa kisu butu. Ilikuwa imeinama kidogo. Mainjinia waliizungushia utepe wa njano, wakasema hakuna kiumbe kuvuka, awe mtu awe mbwa. Mapipa hayatolewi, kwa kuwa ukipunguza uzito upande mmoja litaanguka. Ukijaribu kuliegemeza kwa nguzo litaanguka. Ukiliacha, pengine litaanguka.

"Sasa tufanye nini?" Imelda aliuliza.

"Tusubiri," alisema injinia.

Mchana huohuo akaja Mjomba Alois.

Aloysius Greenwell, kaka yake marehemu mama yake Imelda, alikuwa na miaka sabini na tisa. Alikuwa mpishi mkuu wa wiski pale Dunmoor mpaka alipostaafu, na kabla ya kuondoka aliachiwa msimu mmoja wa baridi apike anavyotaka mwenyewe. Akatoa mapipa mia tisa. Hayo yalikuwa na miaka kumi na moja sasa, yote ndani ya ghala D, upande uliosimama. Alikuwa ameapa hatayaonja mpaka yatimize kumi na mbili, na watu wote wa pale walijua kwamba anahesabu misimu.

Alishuka kwenye gari lake, akafungua kiti cha kukunja, akakaa ng'ambo ya barabara akilitazama ghala.

"Yangu yako wapi, Mel?"

"Ghorofa ya pili, Mjomba. Kule nyuma."

"Kwa hiyo yatanusurika."

"Huenda."

Aliitikia kwa kichwa, akavua kofia. Imelda akageukia kijitoni, ambako vijana wa zimamoto walikuwa wakichimba mtaro kuzuia wiski isiingie majini. Walichelewa. Samaki walikuwa wameanza kuelea, matumbo juu, na bonde zima lilinukia vanila na sukari iliyoungua, harufu tamu kiasi cha kumtia mtu aibu.

Mapipa ya Mjomba hayakuwa ghorofa ya pili. Yalikuwa ya sita, chini ya bati.

Yaliwekwa pale kwa muda tu, kwa sababu chini kulikuwa kumejaa, na Mjomba akaahidiwa kwamba mwaka wa pili yatashushwa. Akastaafu, akaamini kwamba yameshushwa. Imelda alimwandikia meneja, Trent Ferriell, mwaka wa pili, na wa nne, na wa saba. Kila mara jibu lilikuwa lilelile: watu wa kusukuma mapipa hawatoshi, tutaona msimu ujao. Kiangazi cha Kentucky, ghorofa ya sita, ni tanuri. Joto linaisukuma wiski ndani ya mbao, baridi inaivuta nje, mwaka baada ya mwaka, na kila inapotoka inatoka na rangi na ladha ya mti. Ghorofa ya chini kazi hiyo huenda polepole. Juu kabisa hakuna cha polepole. Mwezi wa tatu mwaka uliopita Imelda alipanda na mrija wake, akatoboa mapipa matano ya Mjomba, akaonja. Yote yalikuwa yameharibika. Ulimi ulimkauka kama aliyetafuna gome. Zaidi ya theluthi ilikuwa imekwenda na hewa, na iliyobaki ilikuwa mti mtupu, uchungu juu ya uchungu, na wiski iliyokwisha kunywa mti haiwezi kuutapika.

Hakumwambia. Kwanza alitafuta siku nzuri ya kumwambia, na siku nzuri haikupatikana. Kisha miezi ikapita, na ukimya wenyewe ukawa jambo la pili la kuungama.

Wiki ya pili alikuja mkaguzi wa bima kutoka Boston, Bwana Pruitt, mtu wa heshima aliyevaa viatu visivyofaa kwa tope. Alimkuta Mjomba kwenye kiti chake, akamwuliza kwa upole kama na yeye ana kitu chake mle ndani.

"Miaka kumi na moja tu," alisema Mjomba.

"Pole sana, mzee. Lakini si mnaweza kuikusanya ile iliyomwagika mtaroni, mkaitia katika mapipa mengine? Nimesikia skochi, wiski ya Uskoti, huhamishwa pipa hadi pipa."

"Skochi!" Mjomba alimgeukia Imelda. "Mel, umemsikia? Kaja kutuzika na jina la jirani mdomoni."

"Msamehe, Mjomba. Ni mtu wa Boston."

"Kaa, bwana. Kaa hapo kwenye ndoo." Pruitt akakaa. "Mskoti anapika shayiri, anaitia ndani ya pipa kuukuu, mara nyingi pipa letu sisi, tulilokwisha kulitumia. Kwao baridi, anaweza kungoja miaka ishirini huku analala. Wa Tennessee anaichuja kwanza kwenye mkaa wa mti wa mepo, halafu anajisifu. Sisi wa bourbon, zaidi ya nusu ya chungu lazima iwe mahindi. Pipa lazima liwe jipya, la mwaloni, limechomwa ndani mpaka likawa mkaa. Ikiingia nyeupe kama maji ya kisima, rangi yote unayoiona ni ya lile pipa. Huongezi rangi, huongezi sukari, huongezi kitu ila maji. Ukiongeza, iite jina lingine."

"Na hii yako ina nini cha pekee?"

"Ngano. Wenzangu wanatia nafaka ya rai, inakuja na pilipili. Mimi nilitia mahindi, ngano na kimea kidogo cha shayiri, basi. Hamira yangu mwenyewe. Nikachukua maji ya machicha ya chungu kilichotangulia nikachachushia kinachofuata, siku tano, wala sikuharakisha. Nikaikeneka mara mbili. Nilipoionja bado nyeupe, nilijua." Alielekeza kidole ghalani. "Bwana, nimepika miaka arobaini na mbili. Ile ndiyo bora niliyopata kutoa. Muulize Mel, yeye ndiye anayekaa nayo."

Pruitt alimtazama Imelda.

"Ndiyo," alisema Imelda. "Ilikuwa nzuri sana."

Akaenda nyuma ya gari lake, akasimama huko mpaka uso ulipomrudia.

Siku zilizofuata zilikuwa za kukaa na kutazama. Mvua ilinyesha siku mbili. Watu wa kiwanda walikuja asubuhi, wakapiga mhuri wa kuingia kazini, wakasimama uani mikono mifukoni kama wageni wa msibani. Dwayne alianza kuleta mzaha, akisema linalowashinda mainjinia labda bibi yake angeliweza kwa sala za novena, lakini siku ya nne hata yeye aliacha mzaha. Nusu ile ya ghala ililia usiku na mchana, msumari mmoja mmoja. Imelda alijikuta anaomba lianguke. Alipotambua anachoomba alishtuka, lakini hakuacha. Likianguka, mapipa ya Mjomba yangepotea yakiwa bado bora machoni pa mzee, na yeye asingekuwa na la kusema tena.

Lilianguka Jumanne ya wiki ya tatu, saa sita mchana, wakati anamkabidhi Mjomba bakuli la maharage na kipande cha mkate wa mahindi. Waliliona wote wawili. Halikwenda kwa kishindo kama lile la kwanza, lilikaa chini tu, ghorofa juu ya ghorofa, kama mtu mzito aliyechoka. Vumbi likawafikia. Mjomba alibaki ameshika bakuli, vumbi likitua juu ya maharage.

"Basi," alisema.

Imelda alimshika bega. Alisikia ahueni ikimpanda kifuani, akajichukia.

Ila ghala lilipokaa chini namna ile, ghorofa ya juu iliangukia lundo la zile za chini. Winchi zilipoanza kuondoa mbao, wiki moja baadaye, Dwayne alikuja ofisini mbio.

"Mel, tumepata mazima. Sita. Yana chapa ya mjomba wako!"

Meneja Ferriell alifurahi kama mtu aliyefufuliwa. Kwa mwezi mzima magazeti yalikuwa yameandika habari za samaki waliokufa, na sasa angewapa habari nyingine: mzee na mapipa yake sita. Akaita waandishi waje Alhamisi.

"Tuonje kwanza sisi wenyewe," Imelda alimwambia. "Trent, nakuomba."

"Aionje yeye kwanza, mbele ya kamera. Ndiyo raha yenyewe."

"Haitakuwa nzuri. Nilikuandikia. Mara tatu nilikuandikia."

"Uliandika kuhusu kuhamisha," alisema Ferriell akitafuta simu yake mezani. "Hukuandika kwamba imeharibika." Na kwa hilo alisema kweli.

Alhamisi asubuhi Imelda alikwenda kumchukua Mjomba nyumbani kwake akiwa amedhamiria kumwambia kabla hawajafika kona ya kanisa. Alimkuta kibarazani amevaa tai, amenyoa, amejikata kidogo kidevuni na kubandika kipande cha karatasi.

"Tai imekaa sawa?"

"Imekaa sawa, Mjomba."

"Unajua sijalala? Zee zima, nimekesha kama bwana harusi."

Wakapita kanisa. Wakapita duka la vyakula vya mifugo. Maneno yalikuwa mdomoni mwake njia nzima na hayakutoka.

Pipa lilikuwa limelazwa juu ya magogo mawili uani, pete zake zimefutwa zikang'aa. Waandishi walikuwa watano na mtu wa kamera. Ferriell alihutubia. Dwayne alipiga mbao za pipa kwa nyundo pande zote mbili mpaka kizibo kikaruka, Imelda akazamisha mrija, akavuta, akajaza glasi robo. Ilikuwa nyeusi kama kahawa. Hakukuwa na mtu mwingine wa kupewa glasi ile; akamkabidhi Mjomba.

Mjomba aliinua, akanusa. Alinusa tena, mdomo wazi kidogo, kama alivyomfundisha Imelda zamani. Kisha akanywa, akaiweka ulimini, na Imelda akaona macho yake yakitulia mahali pamoja.

Alimeza. Watu wakangoja.

"Mzee, unasemaje?" mwandishi mmoja aliuliza.

"Ina miaka kumi na moja," alisema Mjomba. "Unaiona miaka yote."

Walicheka, wakaandika, Ferriell akapiga makofi. Mjomba akamkabidhi Imelda glasi, akamshika kifundo cha mkono na kumvuta karibu.

"Hii imelala chini ya bati," alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo."

"Miaka yote?"

"Miaka yote, Mjomba."

"Na wewe ulijua."

"Tangu mwezi wa tatu mwaka jana. Niliwaambia washushe, hawakushusha. Halafu sikuweza kukuambia wewe. Nilishindwa."

Hakumwachia mkono. Mtu wa kamera aliwaomba watazame huku, wakatazama.

"Nipeleke nyumbani," alisema Mjomba.

Yale mapipa sita yalichanganywa baadaye na wiski changa, tone katika bahari, hakuna aliyeionja aliyejua. Lakini siku ile Imelda aliendesha polepole. Mjomba alivua tai akaikunja juu ya paja. Imelda alingoja atukanwe. Angefurahi kutukanwa.

"Uliwahi kuionja kabla haijaharibika?" Mjomba aliuliza.

"Mwaka wa saba. Mara moja."

"Mimi sikuionja hata siku moja ikiwa hai. Mimi na kiapo changu cha kipumbavu." Alitazama mashamba ya mahindi yakipita dirishani. "Ilikuwaje?"

"Mjomba, mimi si hodari wa maneno."

"Ilikuwaje, Mel?"

"Ilianza na ganda la mkate," alisema. "Mkate wa asubuhi, ukiuvunja bado moto. Halafu matunda ya pichisi. Si mabichi, yale yaliyopikwa. Na haikuchoma, Mjomba, ilishuka tu yenyewe, na ukishameza inarudi..."

"Inarudi na nini?"

Alijaribu kukumbuka. Miaka minne ilikuwa imepita, na tangu hapo ameonja mapipa mengi mno, na ule uchungu wa mwaka jana ulikuwa umelalia juu ya yote.

"Sikumbuki," alisema. "Nisamehe. Nakumbuka tu kwamba ilirudi."

Walikuwa wamefika. Alizima gari mbele ya kibaraza. Mjomba hakufungua mlango.

"Rudia pale kwenye pichisi," alisema.