Kioo cha Dayo

Mnunuzi wa vyuma vikuukuu akikuambia mashine yako ni nzuri, ficha funguo. Abdullah, mnunuzi wa hapa, alimsifia hivyo mashine yetu mwezi wa pili, akiwa amesimama mbele ya boila letu hapa Migori, na wiki mbili baadaye binti yake Ruqia akaajiriwa kiwandani kama fundi. Mimi si mtoto. Nilijua kilichomleta kabla hajavaa ovaroli.

Boila hilo tunaliita Dayo, yaani nyanya, bibi yetu, kwa Kijaluo, na kwa miaka thelathini na moja ni mimi Elkana niliyemlisha. Anakula mabaki ya mbao, anatoa mvuke, mvuke unazungusha gurudumu kubwa, na gurudumu linavuta mikanda ya misumeno na randa. Mvuke huohuo hulainisha mbavu za mashua za watu wa Karungu na Mfangano mpaka zikubali kupinda. Stima ikipotea mji mzima, sisi tunapasua mbao. Lakini Madam Damaris, mwenye kiwanda, alishasema Dayo akiharibika tena hatamtengeneza. Atamuuza kwa kilo, na mnunuzi mnamjua. Mimi nami nitarudi nyumbani kufukuza kuku.

Basi nikawa namwangalia yule msichana. Siku moja nilirudi kutoka kula nikakuta Dayo anapumua polepole, kama mtu aliyepewa maji baridi akiwa na jasho. Mpini wa pampu ya kumtilia maji, ambao mimi huuacha ukielekea dirishani, ulikuwa umeelekea mlangoni. Kesho yake vilevile. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na siku ya tatu nikaupaka mpini masizi kabla ya kwenda kula. Niliporudi, kiganja cha Ruqia kilikuwa cheusi.

Nilimpeleka kwa Madam nikiwa na furaha, sitaki kudanganya. Ruqia alikubali kwamba alikuwa akiongeza maji kidogo. Alipoulizwa kwa nini, alinitazama mimi, kisha akatazama sakafu. Nikasema mkosaji hukosa jibu. Madam akaamua kwamba kuanzia siku hiyo pampu na kioo cha maji ni vya Mzee Elkana peke yake.

Kioo hicho ni mrija mwembamba ubavuni mwa Dayo, unaoonyesha maji yamefika wapi ndani. Yakishuka chini ya alama nyekundu, chuma huanza kuungua, na boila likipasuka huondoka na paa na watu. Asubuhi iliyofuata niliusoma mara tatu. Ulikuwa umejaa, safi kabisa, kwa hiyo nikaandika hivyo ubaoni kwa chaki, na sikupiga pampu. Kabla ya saa sita Ruqia akaja akasimama mlangoni.

"Mzee, soma maji tena," alisema.

Nikamwambia nilianza kusoma maji hayo kabla babake hajaota ndevu. Ruqia alitoa penseli mfukoni akaishika nyuma ya kioo. Ujanja huo nilimfundisha mimi mwenyewe siku yake ya kwanza, kwa kujigamba: mrija mtupu na mrija uliojaa hufanana, lakini nyuma ya maji penseli huonekana imevimba. Nilisogeza uso mpaka joto likanichoma kope. Penseli ilikuwa nyembamba, juu hadi chini.

Ruqia alirukia pampu, nikamshika mkono.

"Usiguse. Chuma imeshika moto, ukitia maji baridi sasa itapasuka. Tutoe moto kwanza."

Tulizikokota kuni zinazowaka kwa reki, yeye na mimi, tukizimwagia mchanga. Wenye misumeno walikuwa wameshakimbilia barabarani. Dayo alilia kidogo, vyuma vikijinyoosha, kisha akanyamaza. Hakupasuka.

Nikamuuliza Ruqia ameanza lini kuongeza maji.

"Tangu wiki ya kwanza. Ulikuwa unaandika imejaa, kumbe iko chini. Ningesema, Madam angekurudisha nyumbani."

Wiki saba. Muda wote huo nilimwinda mtu aliyekuwa akinifichia aibu yangu, nami sikuwahi kujiuliza kwa nini hata magazeti niliacha kusoma. Nyani haoni kundule.

Madam Damaris alifika akihema, akauliza nani alisoma kioo asubuhi. Aliuliza huku akimtazama Ruqia, maana mimi ndiye niliyemfundisha Madam kumshuku. Ruqia akatazama sakafu, kama siku ile.

"Ni mimi," nilisema. "Macho yangu yameisha, Madam. Dayo ni mzima. Usimuuze kwa makosa yangu."

Madam alizitazama kuni zilizofunikwa mchanga. Kisha akauliza, kama ni hivyo, nani atakuwa anasoma maji.

Nikatoa chaki mfukoni, ile ya kuandikia maji ubaoni, nikampa Ruqia. Kiganja chake kilikuwa cheusi, na changu pia.