Mama na Paa Lake

Mama alikataa kupita mlangoni. Alisimama kando ya rundo la mchanga, fimbo mkononi, akayaangalia mabati mapya kama mtu anayekagua ng'ombe anayemshuku ana ugonjwa.

"Paa ni moja," akasema.

"Mayi, chumba chako kina mlango wake. Uko kule upande. Hutapita kwetu hata kidogo."

"Agneta, nimeuliza mlango? Nimesema paa ni moja."

Nilikuwa nimemtoa Bumula asubuhi hiyo, tukapita Bungoma na Webuye hadi Kiminini, ili aone chumba nilichomjengea mwishoni mwa nyumba yetu. Chumba hicho nilikipanga kabla ya jikoni na kabla ya sebule. Hakina ngazi. Choo na bafu viko ndani, na ukutani kuna vyuma vya kushikilia. Kati yake na jikoni niliweka mlango mdogo. Kwangu mimi nyumba ilikuwa huo mlango. Sehemu zingine zote ningeweza kuishi bila.

Mwezi wa Aprili mama alianguka karibu na tangi la maji nyumbani kwake. Alilala kwenye tope tangu asubuhi mpaka jirani yake Wilkista alipokuja kuomba chumvi. Kaka yangu Hesbon yuko Mombasa, na nyumba yake pale bomani imefungwa kufuli lenye kutu. Mimi nina duka la dawa za mifugo Kitale. Siwezi kuhamia Bumula. Nilitaka tu mama akianguka tena, nisikie.

Mume wangu, Ngige, alikuwa amejificha nyuma ya tangi la maji la mjengo. Mwalimu wa fizikia, mtu mwenye mvi, amechuchumaa kama anayecheza kibemasa. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, hawasalimiani kwa mkono, na hawalali chini ya paa moja. Familia ya Ngige ni Wakikuyu waliokuja Trans-Nzoia zamani, na yeye husema mambo kama hayo yalizikwa na babu yake. Hata hivyo alichuchumaa.

"Mwambie mama mimi sina shida," akasema kutoka huko.

Mama hakugeuka. Alinitazama mimi. "Mwambie huyo wa nyuma ya tangi, najua hana shida. Ni mtu mzuri. Sasa mtu mzuri hivyo, nitamkoromea aje ndani ya nyumba yake?"

"Lakini ulianguka, mayi."

"Nilianguka kwangu."

Alikunywa chai nje, kwenye kiti cha plastiki, akataka kurudishwa Bumula. Nikamrudisha.

Baada ya hapo sikutulia. Dukani nilimpa mteja mmoja dawa ya kupe badala ya dawa ya minyoo, na nikamkimbiza mpaka stendi kuibadilisha. Kila asubuhi nilimpigia mama simu kabla ya kuvaa viatu. Siku moja hakushika. Nikapiga tena nikiwa dukani. Nikampigia Wilkista, simu yake imezimwa. Nilimtoa mteja wangu Mama Waithera akiwa bado anachagua dawa, nikafunga, nikachukua gari.

Simu ililia nikiwa Webuye.

"Mbona unanipigia kama polisi?" Ilikuwa sauti ya mama. "Nilikuwa nachuma kunde. Simu iko kitandani, mimi niko shambani. Nibebe simu kwa kunde ya nini?"

Nikaegesha gari mbele ya wauza mahindi ya kuchoma. Sikuweza kuendelea mbele, maana mama alikuwa mzima na angenicheka. Kurudi nako nilishindwa, maana kesho ingekuwa vilevile. Nilikaa hapo mpaka mwenye mahindi akauliza kama gari limeharibika.

Jioni Ngige akasema, "Si tumlete tu? Akishaingia atazoea."

"Huyo ni mama yangu, si mtoto wa bweni."

"Basi pasta azungumze naye."

"Pasta ndiye atarudi amebadilishwa."

Mama hakuwa wa kubadilika. Paa lingeweza. Kesho yake nilimkuta fundi wetu, Kiptanui, akipanga vigae vya bafu huku anapiga mluzi.

"Unataka nikate paa nimemaliza juzi?" akauliza. "Madam, uko sawa kweli?"

"Kata. Ujenge ukuta mwingine ndani ya chumba, sambamba na huu wa jikoni. Acha nafasi katikati, juu mbingu ionekane. Chini weka mtaro wa simiti, maji yatokee nyuma."

"Watu watacheka, bana. Ati Kiptanui alisahau kufunika nyumba katikati."

"Waambie waje waniulize mimi."

Akakuna kichwa. "Na hii mlango ya jikoni?"

Nilijua angeuliza. Chumba chenye paa lake hakiwezi kuwa na mlango wa kuingilia kwangu.

"Ziba," nikasema.

Nilisimama pale nikiangalia matofali yakipanda, moja juu ya jingine, yakila mlango wangu. Yalipofika kifuani sikuvumilia.

"Simama hapo. Hapo juu acha dirisha. Na kwa ukuta wa mama acha lingine, yatazamane."

"Hii si dirisha. Hii ni mlango imefupishwa."

"Kiptanui, jenga."

Nilimleta mama tena mvua ikiwa imeanza. Safari hii alikubali kufunga nguo zake kwenye mifuko, lakini akasema ibaki ndani ya gari mpaka aone. Hakuangalia madirisha. Alienda moja kwa moja kwenye ile nafasi, akainua uso, akatazama mstari wa mbingu kati ya mabati na mabati. Kisha akaingiza fimbo na kuisukuma. Ikagonga kitu.

"Hapa kuta zimeshikana," akasema.

Kiptanui akainama. "Ni simiti ilianguka tu, kukhu," akasema, akimwita nyanya kwa lugha yetu. "Haina kazi."

"Kama haina kazi, itoe."

Akaenda kutafuta tindo na nyundo. Manyunyu yalikuwa yakimlowesha mama kitambaa cha kichwa, na nilipomshika mkono ili asogee kwenye baraza, aliuondoa. Nikahesabu magonjwa yote yanayoanza kwa kulowa. Nyundo ikagonga, ikagonga. Bonge likakatika, likaanguka mtaroni.

Hapo ndipo Ngige, nyuma ya tangi lake, aliponong'ona kwa sauti ya mwalimu: "Lakini msingi bado ni mmoja."

Nikatamani lile tangi lipasuke.

Mama akapitisha fimbo tena. Haikugusa kitu. "Mwambie huyo wa nyuma ya tangi," akasema, "chini ni ardhi. Ardhi hata adui wanalalia moja." Akafuta uso. "Mifuko yangu iko wapi?"

Sasa yuko hapa. Nikipika namsikia ng'ambo ya dirisha: redio, kikohozi, fimbo sakafuni. Chai nampitishia kwa mkono juu ya mtaro, na anairudisha ikiwa sukari haitoshi. Akinyamaza kidogo naita.

"Mayi!"

"Sijafa."

Jana alitundika pazia kwenye dirisha lake. Alisema amechoka kuchunguliwa kama kuku anayelalia mayai. Jioni ikanyesha kweli, na maji yakashuka katikati ya mapaa kwa kishindo, yakafunika redio, yakafunika fimbo. Nilisimama na mwiko mkononi, sikio dirishani. Niliita, nikaita tena, sauti yangu yenyewe sikuisikia vizuri. Nilikuwa tayari kutoka mbio kuzunguka nyumba, bila viatu.

Pazia likasogea. Pua ya mama ikatokea kwanza.

"Agneta, ugali wako unaungua."