Kabla Ardhi Haijalainika

Siku Milo Hruska alipofariki, Arlene Tveit alikuwa Montana akimlisha mama yake uji wa shayiri. Simu ikaita. Alilia kimyakimya ili mama asiulize. Machozi hayajakauka, likamjia wazo lililomtia aibu: sasa nani atanitilia sahihi?

Arlene ni mwanasaikolojia, na Milo ndiye aliyemsimamia mwaka wa mafunzo, kule Minot, Dakota Kaskazini. Leseni ya Dakota haivuki mpaka yenyewe. Bodi ya Montana ilitaka msimamizi athibitishe mafunzo yale kwa mkono wake. Bila leseni Arlene, aliyehamia majuzi kumtunza mama, hana kazi huku, na mama, anayesahau hata kuzima jiko, hana mwingine. Ipo hifadhi ya vyeti, mfano wa benki: unaweka uthibitisho wako walimu wangali hai, ukihama unautoa. Milo aliwahubiria wanafunzi wake wote. "Wekeni akiba, mimi si mlima."

Arlene hakuweka.

"Pole kwa msiba," alisema karani wa bodi kwenye simu. "Daktari ana barua pepe?"

"Amekufa, dada."

"Nimekuelewa. Hospitali je?"

"Idara ile walishaifunga, majalada wakayachoma."

"Basi lazima sahihi ya msimamizi mwenyewe."

"Nikamfunulie jeneza nimshikishe kalamu? Maana hata kuzikwa bado, ardhi imeganda kwa baridi, haichimbiki!"

"Usinifokee mimi, mama. Ungeweka kwenye hifadhi."

Arlene akakata simu, akampigia jirani aje kukaa na mama, akaendesha gari hadi Minot ameuma meno.

Baada ya ibada ya msiba watu waliteremka ukumbi wa chini ya kanisa kula viazi vya jibini na nyama ya nguruwe. Bernice, mjane wa Milo, alimvuta jikoni.

"Vuli yote akiumwa ulikuwa unakuja kumtazama," alisema. "Na kila ukija mnaongea samaki. Samaki!"

"Bernice, ningemwombaje sahihi? Ni kumpima mtu jeneza angali anakula."

"Alijua anakufa! Kila ukiondoka ananiuliza, 'Hakuileta ile fomu?' Kalamu ilikuwa kando ya kitanda."

"Alijua nahama. Mbona yeye hakusema?"

"Alisema akikuomba utadhani anakuaga."

"Si alikuwa ananiaga kweli?"

"Usiniulize mimi! Nyinyi ndio mnaolipwa kuwafundisha watu kuzungumzia kifo." Bernice alibamiza sahani ndani ya sinki. "Wawili, mna shahada ukuta mzima, na hakuna aliyefungua mdomo. Mimi nilikuwa nawapikia kahawa tu."

"Nimemkasirikia, Bernice. Hata kumlilia siwezi vizuri."

"Mkasirikie. Mimi nimeanza tangu Jumanne aliyofariki." Akamtupia kitambaa. "Futa hizo sahani."

Wakaosha vyombo vya msiba mzima, sahani zikigongana zaidi ya ilivyohitajika.

Bodi ya Montana imemkubali kwa sharti moja: arudie mwaka mzima wa kusimamiwa. Anaanza Jumatatu, kwenye kliniki ya kaunti, chini ya msimamizi ambaye ni mdogo kwake. Fomu ya kwanza itakwenda kwenye hifadhi wiki hiyohiyo. Milo atazikwa ardhi ikilainika.