Kilo za Dirishani

Mtaa mzima ulimwita Mama Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni tangu anafunua cherehani asubuhi mpaka anaifunika jioni, na kwa sababu alikuwa na mdomo. Mwendee na kiuno cha inchi arobaini, mwambie aandike thelathini na sita. Thubutu! Ataandika arobaini, na atakutangaza mpaka kwa muuza mkaa ng'ambo ya barabara. "Mimi sidanganyi inchi, dada," atakwambia na pini zake mdomoni. "Nikikudanganya leo, mshono utakuumbua siku ya kuinama." Wateja walimchukia, na walirudi, maana nguo zake zilikaa mwilini.

Basi huyo huyo akajifungua, akabaki na kilo ambazo hakuziagiza. Mtoto alikuwa wa kiume, mashavu tele, wakamwita Bonge. Wiki hiyo hiyo wifi yake, dada wa mumewe aliyekaa ghorofa ya juu yao, akajifungua wa kike, mdogo mdogo, wakamwita Kidoti. Huyu wifi alikuwa karani wa mapokezi kwenye ofisi ya mawakili, mtu wa kutii, yule anayesoma maelezo ya boksi la sabuni mpaka mwisho. Likizo ya uzazi ilipoanza kuyoyoma alimletea Mama Futi sketi ya kazini ili amtanulie kidogo.

"Siitanui," alisema Mama Futi. "Sketi haina kosa. Mwenye kosa ni huyo anayetaka kuivaa."

Utani wa mawifi, wakacheka. Wifi alicheka kidogo kuliko mwenzake, akaikunja sketi yake, akapanda nayo ngazi.

Zahanati ilikuwa imeanzisha mpango ulioitwa Mama Mwepesi, kila Jumatano kwa wiki kumi, kwa waliojifungua wanaotaka kupunguza mwili bila kujiua. Mawifi walijiandikisha pamoja. Mwendeshaji alikuwa muuguzi, wote wakimwita Sista, mwanamke mnene mwenye viatu vya kukimbilia ambavyo havijawahi kukimbia. Lakini maneno yake yalikuwa na akili: kuleni mshibe, mnanyonyesha, punguzeni sukari na vya kukaanga, tembeeni nusu saa, msikimbilie kilo, hamkunenepa kwa siku moja. Kisha yakaja mazoezi. Loo! Wanawake kumi na wanne chali kwenye mikeka, wanainua miguu kumfuata dada wa kwenye runinga ambaye tumbo lake halijawahi kubeba kitu zaidi ya chakula cha mchana. Mtoto mmoja akilia, maziwa ya mama wanne yanachuruzika kwa pamoja. Kuna aliyepiga chafya akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani kubadili nguo.

Walipimwa kila baada ya wiki mbili. Mizani ya watoto ilishakufa zamani, kwa hiyo Sista alitumia ile ya watu wazima. Mama anapanda amembeba mtoto, inasomwa. Anamkabidhi mtoto kwa mwenzake, anapanda peke yake, inasomwa tena. Inayopungua hapo ndiyo kilo za mtoto. Uzito wa mama uliandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye chati ya ukutani, kila mwenye macho aone, na wa mtoto uliingia kwenye kadi yake.

Siku ya kwanza Mama Futi alisoma themanini na nne. Baada ya wiki mbili za kujinyoosha na kutokwa jasho alisoma themanini na tano. Wifi alikuwa ameshapunguza moja na nusu.

"Leo futi imekugeukia, mwenzangu," alisema mwanamke mmoja kutoka nyuma, yule wa kiuno cha arobaini, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama Futi naye alicheka, lakini ndani alikuwa anachemka. Aliapa kwamba yule mwanamke hatamcheka tena.

Mizani ilikuwa imewekwa kando ya dirisha. Zamu iliyofuata, Mama Futi alipokuwa juu yake peke yake, aliyumba kidogo akashika kingo ya dirisha, na akaona mshale unashuka. Haa! Akakandamiza kwa vidole viwili tu, uso mkavu kama wa mtu anayeswali. Themanini na nne. Akiwa na Bonge mikononi hakuweza kufanya hivyo, kwa hiyo kilo aliyoiiba kwenye uzito wake ilikwenda moja kwa moja kwenye kadi ya mtoto. Alijua kutoa na kujumlisha kuliko wengi pale, lakini siku hiyo alitazama namba yake tu. Sista alipopiga kelele kwamba Bonge kaongeza kilo na nusu, mama gani angekataa?

Zamu ya pili alikandamiza zaidi, akasoma themanini na tatu. Zamu ya tatu, themanini na mbili, na Bonge, ambaye hata miezi minne hakuwa ameimaliza, akaandikiwa kilo kumi na nusu. Sista alizungusha ile kadi ofisi zote, mpaka kwa mtunza stoo.

"Mama anapungua, mtoto anaongezeka!" alisema. "Ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Huyu ndiye Mama wa Mfano."

Akawekewa kiti mbele. Yule wa kiuno cha arobaini akamuuliza, kwa unyenyekevu kabisa, siri yake ni nini. Mama Futi, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ametoka kumaliza nusu mkate na siagi, alitupa macho nje akaona mtu anapita na ndoo ya matango.

"Tango," alisema. "Asubuhi tango, mchana tango, jioni nusu tango na maji ya uvuguvugu. Basi."

Wote wakasema wee, hiyo ni kazi, na walipotoka wakanunua viazi vya kukaanga. Wifi peke yake ndiye aliyetoa kidaftari akaandika.

Na wifi alipungua kweli. Sketi iliingia, kisha ikaanza kumzunguka. Mama Futi alimsifu kwenye ngazi, "Wifi, umerudi usichanani!" na wifi akatabasamu kwa midomo iliyopauka. Kule juu Kidoti alilia mno siku hizi, kilio cha kuchosha kisicho na nguvu. Sista aliona kwamba mtoto amesimama pale pale kwenye kilo tano nukta nane, akamuuliza wifi kama anakula vizuri. "Nakula, Sista," alisema wifi, na hakuwa mwongo, maana tango nalo linaliwa.

Jumatano ya mwisho akaja daktari kutoka makao makuu, na bango, na mpiga picha, na trei ya mayai, mkate na chai ya maziwa iliyofunikwa kitambaa kwa ajili ya mgeni. Mizani ikaburutwa katikati ya ukumbi, mbali na ukuta wowote, ili ionekane vizuri pichani. Mama Futi aliitazama pale ilipo, akapima kwa macho umbali wa dirisha.

"Tuanze na Mama wa Mfano," alisema Sista, anang'aa.

Alipanda na Bonge. Akamkabidhi, akapanda peke yake, mikono inaning'inia haina pa kushika. Themanini na sita. Bonge, kilo nane.

Sista alikokotoa tena, jasho likamtoka. Mama kaongeza kilo nne, mtoto kapoteza mbili na nusu kwa wiki mbili.

"Labda ni kwa kuwa alijisaidia asubuhi," alisema Mama Futi.

"Kilo mbili na nusu?" aliuliza daktari.

"Alijisaidia sana."

Daktari alimtazama Bonge, ambaye wakati huo alikuwa anajaribu kuila kamba ya kamera ya mpiga picha. Hakuonekana mtoto wa kukimbiziwa dripu. "Mpimeni mwingine," alisema. Akapandishwa wifi na Kidoti, akashuka, akapanda tena. Mtoto alikuwa na kilo tano na nusu. Naye kashuka.

"Basi jibu mnalo," alisema daktari, anatazama saa yake. "Watoto wawili wameshuka siku moja, na mizani imehamishwa leo. Mizani ndiyo mgonjwa. Msiandike kitu. Italetwa nyingine mwezi ujao, mtawapima wote upya. Mpiga picha, tusogee."

Ulimi wa Mama Futi ulimtangulia. "Hata mimi nilisema! Mizani gani hii?" Ukumbi ukaguna kukubaliana naye. Amepona, amepona kabisa, na kiti chake cha mbele bado anacho.

Ndipo alipomwona wifi anamfunika Kidoti, na mkono wa mtoto ukachomoza kwenye shuka. Kile kiblauzi alikishona mwenyewe mwezi uliopita, mikono ya kubana, kwa kipimo cha Kidoti. Sasa kilipaswa kuwa kinambana. Badala yake kilimpwaya, vidole vitatu vinapita kwenye kikono. Kingeweza kumdanganya mwingine yeyote mle ndani, si yeye. Mwezi ujao! Mtoto huyu alazwe njaa mwezi mzima, na kadi isiandikwe kitu, kwa sababu mizani mbovu. Mama Futi aliogopa. Aliona aibu pia, tusimsafishe bure, na kwa muda wa pumzi mbili hivi aibu ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Mizani ni nzima," alisema.

"Mama, tumeshamaliza," alisema daktari.

"Ni nzima, nimekwambia! Mbovu ni mimi." Akaikamata mizani, akaiburuta mpaka dirishani inakwaruza sakafu. "Panda, Daktari. Haya, panda! Weka vidole hapo kwenye kingo. Kandamiza."

Daktari alipanda, sijui kwa nini, labda kwa sauti ile. Akakandamiza, akapoteza kilo tatu, na kabla hajajizuia akatabasamu.

"Hivyo ndivyo nilivyopungua mimi," alisema Mama Futi. "Bonge hajawahi kuwa na kilo kumi, ni vidole vyangu. Lakini wifi hakushika dirisha hata siku moja. Namba za Kidoti ni za kweli zote. Mtazameni huyo mtoto!"

Safari hii mwanamke wa kiuno cha arobaini hakucheka. Sista alikuwa ameshamchukua Kidoti, anambonyeza ngozi, anamtazama macho na ulimi. Akamgeukia mama yake.

"Niambie ukweli. Umekula nini jana?"

"Tango," alisema wifi. "Mawili na nusu. Na maji ya uvuguvugu."

"Na juzi?"

Wifi alimgeukia Mama Futi. "Na wewe, wifi? Ulikuwa unakula nini?"

"Kila kitu," alisema Mama Futi, na machozi yakamwagika. "Mikate. Mayai. Nilikuwa nakula kila kitu."

Daktari aliandika barua ya hospitali hapo hapo, bila picha. Mtoto hana ugonjwa, alisema Sista, mwenye ugonjwa ni sufuria ya mama yake. Kisha akafunua trei ya mgeni bila kumuuliza mgeni, akamkalisha wifi kwenye kile kiti cha mbele, akamwekea mayai yote magotini.

Mama Futi alipiga magoti kando yake, futi inaburuta sakafuni. "Nitukane, wifi. Nipige hapa mbele ya watu. Sema chochote."

Wifi alitafuna, akameza, akachukua yai jingine.

"Ngoja nishibe," alisema. "Sasa hivi sina hata nguvu za kukuchukia."