Mke: Amelala

Jumatatu moja ya mwezi wa nane, mwaka sabini na nne, Bartolomeo Nkuba alipaka mafuta ya kondoo kwenye ekseli ya tela lake, akafunga maksai wawili, akaanza kupakia. Tela lilikuwa dogo. Alilitengeneza mwenyewe kwa ekseli ya landrova iliyokufa na mbao za muwati, na halikubeba zaidi ya nusu ya nyumba. Kwa hiyo alipakia nusu: bati nne, godoro, majembe matatu, sufuria, debe la ulezi, turubai, na kuku watano kwenye tenga. Juu ya godoro alikaa mama yake, Kashindye, na mapajani kwa Kashindye akawekwa mtoto Budeba, mwenye miezi minane. Leokadia, binti wa miaka kumi na mmoja, alitembea nyuma ya tela ili kikidondoka kitu aokote.

Walikuwa wanahamishwa. Amri ilisema wafugaji waliotoka kaskazini waondoke vilima vya Nyololo, waende kijiji kipya huko bondeni, upande wa Igawa, siku sita kwa mwendo wa maksai. Bartolomeo alikuwa amekaa Nyololo miaka kumi na miwili. Alioa hapo, akazaa hapo, lakini kwenye karatasi alikuwa bado anatoka kaskazini. Ng'ombe wake wa maziwa alibaki. Huyo alizaliwa Nyololo, kwa hiyo aliandikwa ng'ombe wa kijiji.

Mkewe Evarista naye alikuwa abaki. Alikuwa kaburini nyuma ya nyumba tangu mwezi wa kumi na mbili. Siku uchungu ulipomshika walimlaza kwenye mkeka kando ya barabara, asubiri gari la zahanati. Gari la zahanati lilikuwa limekwenda kubeba viti vya mgeni rasmi. Mgeni rasmi alikuja, akakaa, akasema, akaondoka, ndipo gari likaanza kurudisha viti. Lilipofika kwenye mkeka, saa kumi jioni ya siku ya pili, mtoto alikuwa amezaliwa na Evarista alikuwa amekufa. Dereva alivua kofia. Taarifa iliyopelekwa juu ilisema viti vyote vimerudi salama.

Orodha ya kuhama iliandikwa na balozi wa nyumba kumi, Mzee Yohane, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa. Mzee Yohane alikuwa mtu wa adabu. Neno "kufa" hakulitumia kwa binadamu, alilitumia kwa kuku. Alipofika kwenye mstari wa mke, akakuta nafasi yenyewe inatosha neno moja tu, aliandika kama ambavyo angesema makaburini: Amelala. Chini kabisa karatasi ilikuwa imeshapigwa chapa: WOTE WALIOORODHESHWA WAHAME. ASIBAKI MTU. Juu ya hayo mhuri.

Walilala siku ya kwanza kando ya barabara kuu, kilomita kumi na tano mbele. Bartolomeo alifunga turubai upande mmoja kwenye tela, upande wa pili kwenye vijiti viwili, wakala ugali wa ulezi na majani ya maboga. Budeba alipewa uji mwepesi. Aliukataa kwa kuupuliza.

"Mume wangu huyu ana maringo," Kashindye akasema, akimfuta kidevu. "Anataka maziwa kama mkurugenzi."

Asubuhi Leokadia alikwenda kutafuta kuni, akarudi mikono mitupu.

"Baba, mama amekuja."

"Yuko wapi?"

"Hapo, upande wa gurudumu la kushoto."

Bartolomeo akaenda kutazama. Lilikuwa kaburi lile lile: mawe yale yale kumi na tisa, msalaba wa muwati uliopinda kidogo kwa mvua, na kikombe cha bati alichokuwa anakunywea chai, kimetobolewa kitako. Udongo wake ulikuwa mwekundu wa Nyololo, na ule wa pale ulikuwa wa kijivu. Bartolomeo alitoa karatasi mfukoni, akaisoma kwa kidole mpaka chini.

"Ni kweli," akasema. "Ameandikwa."

Kashindye alishuka kwenye tela, akakata tawi, akafagia kulizunguka.

"Mkwe wangu alikuwa mtii toka zamani," akasema. "Ukimwambia afagie uwanja, anafagia mpaka kwa jirani. Sasa wakubwa wameandika wote wahame, yeye abaki afanye nini?"

Wakafunga maksai, wakaondoka. Hakuna aliyeliona kaburi likitembea. Walipokuwa mwendoni halikuwepo. Wakisimama, wakigeuka, lilikuwa limeshakaa, kama mtu aliyechelewa ibada.

Jumatano mchana walifika kwenye kizuizi cha Makambako. Walikaa kwenye foleni muda mrefu, kwa hiyo kaburi nalo likapata muda wa kufika. Mgambo alichukua karatasi, akahesabu.

"Hapa watano. Mimi naona wanne."

"Wa tano huyo hapo amelala," Kashindye akasema, akionyesha kwa mdomo.

Mgambo akatazama kaburi, akatazama karatasi. Vililingana. Akapiga alama ya vema, kisha akasema, "Akiamka mwambie asizurure."

Pembeni ya kizuizi palikuwa na stoo ya msaada. Mle ndani mlikuwa na maziwa ya unga, makopo kwa makopo, na mlangoni pamebandikwa tangazo: KWA YATIMA TU. Bartolomeo alimchukua Budeba begani, akaenda kusimama mbele ya mwenye stoo, mwanamume mnene aliyekuwa anachonga penseli kwa wembe.

"Ndugu, huyu ni yatima."

"Leta karatasi, ndugu."

Mwenye stoo alisoma, akamrudishia.

"Mama amelala."

"Amelala maana yake amekufa."

"Wewe ni mwalimu?"

"Hapana, ndugu. Shule niliishia la pili."

"Mimi nimefika la saba. Amekufa ni amekufa, amelala ni amelala. Nikitoa maziwa kwa kila mtoto ambaye mama yake amelala, stoo itaisha kabla ya saa tatu asubuhi." Akapuliza unga wa penseli. "Nenda huko unakohamia. Karani wa kule akikuandikia barua kwamba mama amefariki, yenye sababu na mhuri, utapata kopo mbili kwa mwezi mpaka mtoto aote meno yote."

"Na mpaka nifike huko anywe nini?"

"Mwamshe mama anyonyeshe," mwenye stoo akasema, na wale waliokuwa kwenye foleni wakacheka kidogo, maana ndiye aliyekuwa na funguo.

Kuanzia hapo Bartolomeo alikuwa na jambo moja tu kichwani: barua. Alitembea mbele ya maksai akilipanga lile neno, jinsi litakavyoandikwa. Amekufa. Na mbele yake, kwa sababu gari lilikwenda kubeba viti. Aliona yote yataenea kwenye mstari mmoja kama karani ana mwandiko mdogo.

Alhamisi kaburi lilikaa vibaya. Walipiga turubai mahali penye bonde upande huu na ukingo upande ule, likakosa nafasi, likaweka miguu kwenye lami. Lori la kwenda Zambia likasimama, dereva akapiga honi mara tatu.

"Mzee! Kaburi lako limeingia kwenye njia yangu."

"Mama watoto huyo," Bartolomeo akasema. "Tunahama."

"Hongereni. Lakini nina tani ishirini za mafuta hapa, siwezi kumzunguka."

Kashindye akasogea karibu na msalaba. "Mkwe wangu," akasema, "jisogeze kidogo, mwenzio apite." Dereva akainama kutazama tairi lake. Alipoinuka, lami ilikuwa wazi, na Leokadia alikuwa anaokota jiwe moja lililosahaulika, analipeleka mahali pake. Dereva akawaachia ndizi nne akaenda zake.

Siku ya Ijumaa Budeba hakulia tena. Hilo lilimtisha Kashindye kuliko kilio. Macho ya mtoto yalikuwa makubwa, na ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Bartolomeo alimlaza kwenye kivuli cha tela, akaenda kutafuta maji. Aliporudi mtoto hakuwepo kivulini. Alikuwa ametambaa mpaka kwenye kaburi, amelala kifudifudi katikati ya mawe, mdomo umezama kwenye udongo. Bartolomeo akamnyanyua amfute mchanga. Hapakuwa na mchanga. Palikuwa na maziwa, yanateremka mpaka shingoni, na mtoto akacheua kwa sauti ya mtu mzima.

Wakatazamana.

"Ameamka?" Leokadia akauliza.

"Hapana," Kashindye akasema. "Mwanamke akishazoea kunyonyesha hata usingizini ananyonyesha. Wewe mwenyewe ulinyonya hivyo hivyo." Kisha akamgeukia mwanawe. "Lakini barua usiache. Maziwa yoyote hukauka. Hata ya ng'ombe hai."

Jumamosi waliteremka bondeni, kwenye joto na vumbi la ng'ombe wa watu. Kijiji kipya kilikuwa vijiti vilivyochomekwa kwenye mistari minyoofu, kila kijiti na namba yake. Bartolomeo alipewa kijiti cha sitini na mbili. Kaburi lilikuwa limeshakaa hapo kabla hawajashusha tenga la kuku.

Jumatatu karani wa kijiji, kijana aliyeitwa Liberatus, alikuja na meza yake na kiti chake, akaviweka mbele ya kila kijiti kwa zamu. Alikuwa na kalamu mbili mfukoni na hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza Bartolomeo mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Nyololo.

"Kwa hiyo unataka niandike amefariki."

"Amekufa. Andika amekufa."

"Sababu?"

"Gari la zahanati lilikwenda kubeba viti."

Liberatus akafungua daftari, akapitisha kidole. "Sababu zilizopo ni malaria, kuhara, surua, nyoka, radi na uzee. Viti havimo."

"Basi andika pembeni."

"Pembeni hapaandikwi, mzee. Pembeni ni pa mkaguzi."

Bartolomeo alikuwa amelibeba lile neno kwa siku tano, na sasa aliona halina mahali pa kuwekwa. Akamtazama Budeba.

"Andika radi," akasema.

"Radi ilimpiga?"

"Kuna kitu kilimpiga. Andika radi, mtoto apate maziwa."

Liberatus akachovya mhuri kwenye wino. Aliandika A, akaandika m, akaandika e. Hapo Leokadia, aliyekuwa ameambiwa amlete mtoto aonekane, akamtoa Budeba juu ya kaburi, akamweka mezani. Budeba akacheua. Maziwa yakamwagika kwenye daftari, meupe, ya moto, yakafuta namba ya sitini na mbili.

Karani akayanusa.

"Huyu amenyonya saa ngapi?"

"Sasa hivi," Leokadia akasema. Alikuwa mtoto aliyefundishwa kutosema uongo.

"Kwa nani?"

"Kwa mama."

Liberatus akaweka mhuri chini taratibu. Alionekana kuumia, kama mtu aliyemwamini mwenzake.

"Mzee Nkuba, nilikuwa nakuonea huruma. Kumbe mama yupo, ananyonyesha, na wewe unataka kuchukua maziwa ya yatima. Unajua kuna watoto hawana mama kabisa?"

"Mama yake yumo kwenye hilo kaburi, mwanangu. Unaliona."

"Naliona. Na karatasi imesema amelala, na mtoto ananyonya. Vitu vitatu vinakubaliana. Wewe peke yako ndiye hukubali." Ile "Ame" aliyokwisha kuiandika hakuifuta, maana daftari la serikali halifutwi. Akaimalizia tu: Amelala. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, akaongeza: Mtu mzima. Shamba la kijiji, mistari miwili.

Wakubwa hawakuja kubomoa kaburi wala kuliombea. Walilihesabu. Kila Jumanne na kila Alhamisi watu walisimama kwenye shamba la kijiji na majembe, Liberatus akaita majina.

"Bartolomeo Nkuba!"

"Nipo!"

"Kashindye Nkuba!"

"Nipo, mjukuu wangu, mgongo tu ndio haupo."

"Evarista Nkuba!"

"Amelala," Bartolomeo alijibu.

Mwanzoni alijibu kwa hasira, baadaye kwa mazoea. Akimaliza mistari yake alilima na ya mkewe. Liberatus aliiona imelimwa, lakini daftari liliuliza kuhudhuria, halikuuliza kulima.

Budeba alinenepa. Maziwa hayakukauka. Mwezi wa kumi alikuwa na meno manne na anasimama kwa kushika msalaba.

Mwezi wa kumi na mbili kijiji kilizinduliwa. Mgeni rasmi alikuja, na viti vililetwa mapema na gari la zahanati, vikapangwa uwanjani, mistari sita. Mgeni rasmi akakaa, akasema, akapewa karatasi asome majina ya wanakijiji hodari na majina ya wale wanaorudisha nyuma maendeleo. Hao wa kurudisha nyuma walikuwa watano. Alianza na aliyekuwa na siku nyingi zaidi za kukosa shambani.

"Evarista Nkuba," akasoma. "Mvivu. Kila siku amelala."

Watu wakapiga makofi mahali palipotakiwa. Bartolomeo naye alipiga, mara mbili, maana karani alikuwa anatazama. Budeba aliteleza mgongoni kwa dada yake, akapita akitambaa chini ya viti, katikati ya miguu yote ile ya viti, mpaka akatokea upande wa pili, akaenda kunyonya.