Kipaza Sauti cha Tarehe Tisa

"Moja, mbili. Mnanisikia huko nyuma?" Saleh aliuliza, na watu waliokaa kwenye majani wakapunga mikono. Jenereta lake lilinguruma nyuma ya turubai. Kila Sikukuu ya Uhuru kijiji hiki cha Gitting kilimwita toka Katesh na spika zake, na mwaka huu ulikuwa wa kumi na moja.

Lipo swali lililokuwa linamwasha. Hivi kipaza sauti hiki, kinachosifia uhuru wa watu toka asubuhi mpaka jua la utosi, kimewahi kufika kule kwenye majani? Alikumbuka mwaka mmoja mmoja. Wapi! Kilizunguka kwenye viti vya plastiki tu, kama ugoro wa wakubwa.

Hotuba ya tatu ilipokwisha, mama Gidabuday, mjane mfugaji wa bondeni, alikuja mbele bila kuitwa.

"Shikamoo, mama," Saleh akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nipe hicho."

Akampa. Mkono ulitangulia akili, basi.

"Njia ya ng'ombe kwenda kisimani imelimwa," mama akasema. "Mvua zimechelewa, na ng'ombe wangu siku ya tatu hii hawajanywa. Nataka kujua nani ameruhusu."

Xavery, mshereheshaji, ambaye ndiye humwita Saleh kila mwaka, alimsogelea sikioni. "Zima. Ukitaka kurudi mwakani, zima sasa hivi."

Saleh ana watoto wanne, na hakutaka kitumbua chake kiingie mchanga. Akazima.

Mama aliendelea kusema, lakini jenereta lilimeza kila neno. Watu wa kwenye majani walinyoosha shingo bila kuambulia kitu. Saleh aliona aibu, aibu ya kweli, akashindwa kumtazama yule mama. Hata hivyo udadisi haukumwacha: wakimsikia, watafanya nini?

Akazunguka nyuma ya turubai, akainama, akazima na jenereta.

Pakawa kimya. Mama Gidabuday, aliyezoea kuita ng'ombe toka ng'ambo ya bonde, aliweka kipaza sauti mezani.

"Nianze upya?"

"Anza, mama," wakamjibu, na wa nyuma wakasogea mbele.

"Njia ile marehemu mama yangu aliipita na ndama," akaanza.

"Saleh, washa muziki," Xavery alinong'ona.

Kwa kimya kile, kila mtu alimsikia Xavery. Uwanja mzima ukageuka kumtazama, na mama Gidabuday akanyamaza, akimsubiri amalize.